Anzeni na Januari: maneno ya muuza mchele kwa wanakikoba, Kimara

(Yalisemwa Jumamosi jioni, mwisho wa Oktoba, kwenye mkutano wa kikoba mtaani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimepunguza tu vicheko na yale ya kupigana vijembe.)

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Assalaam alaykum. Na wale ambao sijawagusa, habari za jioni?

Mama mwenyekiti, mama mweka hazina, mzee wetu mjumbe uliyetuazima uwanja na viti, kina mama wenzangu, na hao kina baba watatu mliojibanza kule nyuma karibu na geti kama watu wanaosubiri nafasi ya kutoroka. Sogeeni, hatuumi.

Mwenyekiti aliponipigia akasema nije kuzungumza juu ya kuandaa nyumba mapema kwa ajili ya Krismasi, nilimuuliza kama ana hakika amempigia mtu sahihi. Mimi nauza mchele na maharage Tandale. Desemba ndiyo mwezi wangu. Mteja wa tarehe 23 Desemba habishani bei. Anafika jasho linamtoka, mkono mmoja kashika mtoto, mwingine kashika simu, ananyoosha hela, anasema, "Pima kumi." Hachambui, hanusi, haulizi ni wa wapi. Kwa hiyo mkiona muuza mchele anawaambia mnunue mapema na kwa utulivu, jueni anajikata riziki yake mwenyewe, na mumsikilize.

Neno langu ni moja. Anzeni na Januari, Krismasi ije baadaye.

Najua mnashangaa. Lakini tazameni kalenda. Tarehe 9 Desemba ni Uhuru. Tarehe 25 Krismasi, 26 siku ya kupeana zawadi, tarehe 1 Mwaka Mpya, tarehe 12 Januari Mapinduzi. Kuanzia Uhuru hadi Mapinduzi ni kama wiki tano, na katika wiki hizo tano nyumba inapika, inapokea wageni, inasafiri, inachanga harusi na kipaimara cha watu, kisha shule zinafunguliwa na mwenye nyumba anakumbuka kodi. Pesa iliyoingia mara moja inatakiwa ifanye kazi zote hizo. Sisi tunaipangia kwa mfuatano wa tarehe: kinachokuja kwanza kinakula kwanza. Krismasi inakuja kwanza, basi inakula nono. Januari inakuta mifupa.

Kikoba chetu kinavunjwa katikati ya Desemba. Mweka hazina atanirekebisha nikikosea. Tuseme, kwa mfano tu, mgawo wako ni shilingi 700,000. Nimeona jinsi watu wanavyoipokea. Anaihesabu pale pale, anaikunja, na kabla hajavuka barabara ameshaambiwa mwilini mwake kwamba yeye ni mtu wa laki saba. Hapana, mama. Watoto wako wawili wanahitaji sare, mabegi, madaftari na ile michango ya shule: tuseme 180,000. Kodi yako inaisha Januari, na sehemu yako ya kuijazia ni 300,000. Hizo ni 480,000, na si zako. Ni za Januari, zimekuja tu mapema. Krismasi yako ni 220,000. Ukilijua hilo kabla hujaishika pesa, utapika pilau ya watu wa 220,000, na itakuwa tamu vile vile. Ukilijua tarehe 3 Januari, utaenda kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa.

Na hapo kwenye kausha damu sitapita haraka. Mkopo wa kuongezea mtaji, tutabishana faida na hasara yake. Lakini mkopo wa kausha damu uliochukuliwa kwa ajili ya soda na nguo za sikukuu unalipwa mpaka Machi, wakati soda zenyewe hata harufu haipo. Kuna mama alikuja dukani kwangu mwezi wa pili kuuza sufuria zake kubwa, zile zile alizopikia Krismasi. Alitaka nimtafutie mteja sokoni. Sikumtania.

Wenye watoto wa msingi na sekondari za serikali mtasema ada hakuna. Ni kweli, ada ya msingi mpaka kidato cha nne imefutwa tangu Januari 2016, na tano na sita tangu 2022. Lakini sare hazikufutwa. Viatu havikufutwa. Na mwenye mtoto aliyefanya mtihani wa darasa la saba Septemba hii, wewe jiandae zaidi ya wote. Majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza aghalabu hutoka Desemba, katikati ya pilikapilika, na akipangiwa bweni fomu ya kujiunga inakuja na orodha yake: godoro, shuka, ndoo, fyekeo, ufagio, karatasi za rimu. Orodha hiyo huwa haitofautiani sana shule na shule. Mzazi mwenye akili anamwomba jirani fomu ya mwaka jana ya mtoto wake, ananunua ndoo na shuka Novemba. Madaftari na mabegi pia Novemba, Kariakoo ikiwa bado inapitika. Viatu ngoja kidogo, maana mguu wa mtoto wa miaka 13 hauna adabu, unakua likizo nzima.

Sasa niingie kwenye eneo langu.

Mchele. Watu wengi hapa wanaamini mchele mzuri ni mchele mpya. Kwa wali wa nazi wa siku mbili tatu, sawa, kila mtu na mdomo wake. Kwa pilau, hapana. Mpunga wa Mbeya, wa Kyela, wa Kilombero, wa Shinyanga, kwa kawaida unavunwa kuanzia Mei, Juni mpaka Julai hivi, na ule uliokobolewa ukiwa mbichi bado una unyevu: unakunywa maji kidogo, unalainika haraka, unagandana. Unapika pilau, unapakua bokoboko. Mchele uliokaa miezi michache ukakauka vizuri unataka maji zaidi, unatanuka, na punje inasimama peke yake. Kwa hiyo anayenunua mchele wa Krismasi leo akauweka vizuri hajapunguza ladha; ameiongeza. Na bei ndiyo hiyo, mnajua wenyewe: kadiri tunavyotoka kwenye mavuno, mchele unapanda, na wiki ya Krismasi unapanda kwa sababu ya pili, kwamba sote tumeingia sokoni siku moja.

Namna ya kuununua. Usiangalie juu ya gunia. Juu ya gunia ni mapambo yangu, na ya kila muuzaji. Ingiza mkono mpaka kiwiko, chota wa chini, umwage kwenye ungo au hata kiganjani. Tazama chenga ni ngapi, chuya ni ngapi, na kama rangi ni moja. Ukiona punje nyeupe sana zimechanganyika na zenye unjano, huo ni mchele wa aina mbili, na aina mbili haziivi pamoja: nusu itakuwa uji nusu ikiwa na kiini. Chukua punje moja, iume. Mchele mkavu unakatika kwa sauti. Mbichi unabonyea. Kisha nusa. Harufu ya uvundo haitoki kwa kuosha hata ukiosha mara saba. Hayo yote yanahitaji dakika tano na muuzaji asiye na foleni. Desemba 23 huna dakika tano, na mimi nina foleni.

Kiasi gani? Hapa nitawakera wauzaji wenzangu. Kilo moja ya mchele kwa pilau inashibisha watu wazima 6 hadi 8. Ukitarajia watu 30, kilo 5 zinatosha. Naona watu wanabeba kilo 25 kwa hofu ya wageni, halafu mwezi wa pili wananiletea mchele una wadudu wanauliza kama naweza kuwabadilishia. Siwezi.

Namna ya kuuweka, kwa joto na unyevu wa Dar: chambua kwanza, utandaze kivulini mpaka ukauke, uutie kwenye ndoo kavu yenye mfuniko unaobana kweli, na ndoo ikae juu ya kipande cha mbao, isiguse sakafu wala ukuta. Na nawaomba, nawaomba sana, vile vidonge vya kuua wadudu wa ghalani msivilete ndani ya nyumba. Vile vinatoa gesi, na gesi hiyo haichagui mdudu na mtoto. Chumba tunacholala si ghala. Kilo zako tano au kumi zinahitaji ndoo tu.

Viungo vya pilau nunueni vizima sasa: binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Vizima vinakaa miezi bila kupoteza harufu. Vilivyosagwa vinapoa, na huko sokoni vilivyosagwa hujui kimesagwa nini. Iliki hasa, ile bei yake mnaijua, nunua kidogo kidogo kila wiki. Maharage, sukari, mafuta ya alizeti, chumvi, majani ya chai, vyote hivyo havina sababu ya kusubiri Desemba. Vitunguu vinakaa vikiwa vikavu na vikining'inizwa kwenye neti penye hewa. Viazi usiweke zaidi ya wiki mbili, na visione mwanga, vitageuka kijani. Nyanya, hoho, karoti, hizo mwachieni Mungu na soko la Mabibo, za tarehe 23 na 24.

Gesi. Mtungi wako una mwenendo wako. Unajua unakaa wiki ngapi. Hesabu. Gesi ina tabia ya kuisha nyama ikiwa nusu.

Kuku. Kuna kina mama humu wanafuga, wao wanajua, ila na tunaowanunulia tujue hesabu yao. Broila anafika sufuriani kwa wiki 5 hadi 6. Rudi nyuma kutoka Krismasi: kifaranga wa siku moja aingie bandani kati ya tarehe 10 na 15 Novemba. Maana yake oda ya vifaranga iwekwe sasa hivi, wiki hii, kwa sababu mjini hapa kila mwenye banda anapiga hesabu hiyo hiyo, na wanaototolesha hawawezi kuongeza wiki kwenye mwezi. Atakayekumbuka Novemba mwishoni atapata vifaranga, na watakuwa tayari kwa Mwaka Mpya. Chanjo za Gumboro na mdondo zifuate ratiba atakayopewa na duka la mifugo. Banda la kuku wa Krismasi likipigwa na mdondo wiki ya nne hakuna wa kumdai.

Wewe usiyefuga, mtafute mfugaji wa mtaani kwako leo, kubalianeni bei na idadi, mpe malipo ya awali. Anapata hela ya chakula cha kuku, wewe unapata uhakika. Ukitaka wa kienyeji, wale wanaoshuka na malori kutoka Singida, mnunue akiwa hai wiki moja kabla, umfunge nyuma ya nyumba, na umkataze mtoto asimpe jina.

Na mbuzi? Watu wanne wakichanga mbuzi mmoja, inatosha. Lakini kuna jambo moja la mbuzi na kuku ambalo katika mtaa wetu huu halisemwi kwa sababu tunalichukulia ni la kawaida, nami nataka tulipange: nani anachinja. Humu ndani tumechanganyika. Sikukuu ya Idi, sahani zinatoka nyumba za upande ule zinakuja upande huu, zimefunikwa kitambaa, na sote tunakula. Krismasi sahani zinarudi. Basi jirani yako Mwislamu ale bila kuuliza, mwombe mapema ndugu yetu mmoja aje kuchinja. Msimwamshe alfajiri ya tarehe 25, nyumba saba zote zimemgongea mlango, kila moja na kuku wake. Mzee wetu mjumbe, wewe ndiye huwa unagongewa. Nimekusemea. Mwaka huu wenye kuchinja waandikane jina kwa mama katibu, na mzee apangiwe jioni ya tarehe 24, tena apewe na hela ya sabuni.

Nyama ukishachinja jioni, usiijaze kwenye friji moja mpaka mlango haufungi. Umeme ukikatika saa tano usiku, friji iliyoshindiliwa na nyama ya moto ndiyo ya kwanza kuharibu. Iache ipoe, igawe vipande vidogo, nyingine ichemshwe na chumvi na tangawizi usiku huo huo. Na LUKU iingizwe mapema, siku ambazo mtandao hausumbui.

Fundi cherehani sitamzungumzia sana, nisije nikagombana na watu wa kwangu. Peleka kitambaa wiki hii. Mwambie unakitaka tarehe 30 Novemba. Atakupa tarehe 20 Desemba, kama kawaida yake, na bado utakuwa na siku tano.

Sasa watu. Chakula kinapangika kuliko watu.

Kaeni kikao nyumbani. Baba, mama, na watoto wakubwa, na dada wa kazi naye aitwe. Ajenda ni moja: nani anakuja, nani anakwenda. Maana hapa Kimara tuna bahati mbaya ya kuwa karibu na stendi. Ndugu yako anashuka Mbezi na watoto wanne, anakupigia simu: "Nipo hapa Magufuli, nielekeze." Hakukosea, ni kwao. Lakini simu hiyo ungeipiga wewe Oktoba hii: "Shangazi, mnakuja? Lini? Wangapi? Mtakaa mpaka lini?" Hilo swali la mwisho watu wanaona aibu kuliuliza. Ukiliuliza Oktoba ni mipango. Ukiliuliza tarehe 2 Januari ni kufukuza.

Wageni ni maji pia. Waliokuwepo hapa mwishoni mwa 2022 mnakumbuka Ruvu ilivyopungua, jiji likapangiwa mgao, tukawa tunalala na madumu mlangoni. Pipa lioshwe Novemba, koki inayovuja itengenezwe, tenki lifunikwe. Nyumba ya watu watano ikipokea sita, maji yanakuwa ya watu kumi na moja siku hiyo hiyo.

Dada wa kazi. Samahani, hili nitalisema na mtu akinuna anune. Dada naye ana mama yake. Kila Desemba nasikia malalamiko: "Dada kaniaga tarehe 20, kaniacha kwenye mataa." Alikuaga tarehe 20 kwa sababu hukumuuliza tarehe 20 Oktoba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka, na jikoni kwako ni kazini. Kubalianeni mapema: aende Novemba arudi kabla ya sikukuu, au abaki sikukuu aende Januari, na mshahara wake wote awe nao mkononi anapopanda basi, pamoja na kilo mbili za sukari na khanga ya mama yake. Ukimfanyia hivyo anarudi. Ukimshikia mshahara ili arudi, ndiyo harudi.

Tunaosafiri. Ndugu zangu wa Kilimanjaro naona mmeshaanza kucheka wenyewe. Ndiyo, ninyi mnaokwenda kuhesabiwa. Desemba jiji hili linapumua kwa sababu yenu, hata daladala zinakuwa na viti. Sina ugomvi na safari. Mtori wa nyumbani hauliwi kwa simu. Ila kata tiketi mapema, na ukate kwenye ofisi ya basi au kwa mtandao, upate tiketi yenye jina lako na namba ya kiti. Siyo kwa kijana anayekukimbilia getini Mbezi akibeba begi lako bila kuombwa. Nauli za kikomo zinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na zinajulikana; nauli ikizidi hapo, una haki ya kulalamika, na ni rahisi kulalamika Novemba kuliko tarehe 22 Desemba saa kumi na moja alfajiri na watoto wamelala juu ya mizigo. Tangu 2023 mabasi yanaruhusiwa kusafiri usiku, kwa hiyo nafasi zimeongezeka kidogo. Wa Morogoro na Dodoma tangu 2024 mna treni ya umeme, nayo inajaa, msijidanganye.

Na hapa narudi kwenye Januari yangu. Kata tiketi ya kwenda na ya kurudi siku moja. Nauli ya kurudi ndiyo pesa inayoliwa kuliko zote Tanzania hii. Unafika kijijini na kiasi fulani, mjomba anaomba, paa la bibi linavuja, kuna misa ya marehemu, kuna mchango wa barabara, na wewe ndiye uliyetoka mjini. Utatoa, na ni vizuri utoe. Lakini huwezi kutoa tiketi. Tiketi haigawanyiki.

Anayefunga nyumba, mjumbe ajue, jirani mmoja awe na ufunguo, na zima gesi na umeme isipokuwa friji kama lina kitu. Kwenye mtandao usitangaze mpaka umerudi; picha za mgomba hazichachi.

Mvua. Vuli inaanza Oktoba na inaweza kumalizika Desemba imenyesha yote kwa siku mbili. Desemba 2011, kuanzia tarehe 20, mvua ilipiga jiji hili mafuriko yakaua watu, Jangwani ikafunikwa, na walionusurika Krismasi yao iliwakuta hawana nyumba. Baadhi yao baadaye walipewa viwanja Mabwepande. Mafuriko hayo yalikuja siku tano kabla ya sikukuu. Sisi tuko mlimani, tunadhani maji ni ya watu wa bondeni, lakini korongo letu pale nyuma mnaliona linavyokula ardhi kila mwaka. Mtaro uzibuliwe Novemba, na takataka za kuzibua zisiachwe pembeni mwa mtaro zirudi humo humo. Misumari ya bati ikazwe. Vyeti vya watoto, kadi za kliniki, hati, vitiwe kwenye mfuko wa plastiki, vikae juu. Hii si kazi ya mama peke yake. Kina baba wale watatu, nimewaona mnatazama saa, lakini ngazi mnazo ninyi.

Wapendwa wa Bwana, Majilio yanaanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, kwa hiyo kanisa lenyewe limetupa wiki kadhaa za kujiandaa, moyo kwanza. Wachungaji na mapadre wataliongelea hilo vizuri kuliko mimi. Mimi naishia kwenye ndoo ya mchele.

Mama mmoja pale kaniinulia mkono. Sema, mama.

(Akauliza: "Haya yote ni ya watu wenye mgawo na mshahara. Mimi nauza maandazi, mume wangu ni deiwaka. Leo tunayo, kesho hatuna. Sisi tunaandaa nini mapema?")

Asante. Swali lako limenishinda nusu, na nusu nitalijibu. Mtu wa kipato cha siku hawezi kununua gunia, wala hatakiwi. Anunue kilo nusu. Siku maandazi yakiisha yote, kabla hujafika nyumbani, nusu kilo ya mchele inaingia kwenye ndoo ya sikukuu, na ndoo hiyo haifunguliwi kwa chakula cha kila siku, hata mgeni akija. Wiki nyingine binzari ya mia mbili. Wiki nyingine daftari mbili, za dukani, kabla ya Januari. Kuanzia leo mpaka Krismasi zimebaki wiki nane na kidogo. Ukipata nusu kilo kwa wiki, unazo kilo nne, na kilo nne ni sufuria la watu zaidi ya ishirini. Hela kwenye simu usiweke, kwa sababu simu inakopwa na kila mtu mwenye namba yako. Mchele haukopeki kirahisi.

Ile nusu nyingine, ya siku ambazo maandazi hayanunuliki na mume hakupata kazi, hiyo ni ya kikundi, siyo yako peke yako. Mama mwenyekiti, napendekeza mfuko wetu wa jamii usigawanywe wote mwaka huu. Ibaki sehemu, ikopeshwe Januari bila riba kwa mwanachama mwenye mtoto anayeanza shule. Mjadiliane, mimi nimeleta hoja tu.

Kesho sifungui. Jumatatu kuanzia saa 12 asubuhi nipo Tandale. Ninao wa Kyela na wa Mbeya, wa Juni, umeshakauka. Njooni na ndoo zenu, na mkono muuingize mpaka kiwiko, sitawakataza.